Hatuombi bure: risala ya wenye paka, punda na mbwa wa Unguja kuhusu gharama za kutibu wanyama

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mifugo; waheshimiwa Wawakilishi wetu; madaktari wa mifugo wa serikali na wa binafsi; masheha, maimamu, na wenye maduka ya dawa za mifugo. 

Tunaoleta risala hii ni watu wa kijungujiko. Wamo akina mama wa Kiponda, Malindi na Mkunazini ambao paka wao wanalala barazani na kula vichwa vya samaki wa Darajani. Wamo wenye magari ya punda na ya ng'ombe yanayopakia mchanga, matofali na mbao kutwa nzima. Wamo walinzi wa usiku wenye mbwa, na wasasi wa mashamba ambao bila mbwa wao nguruwe na kima wangemaliza muhogo. Wamo waliofunga mbuzi wawili ua wa nyuma, Jang'ombe au Fuoni. Hatuna jumuiya iliyosajiliwa, hatuna muhuri. Huyu anayeandika amechaguliwa kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Kilichotukusanya ni kimoja: mnyama akiugua, hatuna pa kushika.

Tunasema mapema, kabla wakubwa hawajaanza kutafuta maneno ya kukataa: hatuombi bure. Tunaomba bei inayojulikana, daktari anayefikika, na ruhusa ya kulipa kwa kadiri riziki inavyoingia.

Wala hatukuja kuhubiri huruma. Kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu tumekisikia chuoni sote, na Abu Huraira na paka wake hakuna mtoto wa Unguja asiyemjua. Huruma imejaa mjini. Wageni wanaopiga picha paka wa Mji Mkongwe kwenye vizingiti vya milango wanaiona. Lakini huruma hainunui dripu.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayotukimbiza. Ukienda Darajani kununua changu, bei unaisikia kabla hujatia mkono mfukoni. Ukiona kubwa, unateremka kwa dagaa, na watoto wanakula. Ukimpeleka mnyama kutibiwa, bei unaijua ukishafika, mnyama yuko mezani, na aibu imekushika. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma hapa Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Wengi wetu hatuna mwajiri wa kutupandishia kitu. Tunakula tulichouza leo. Kwa mtu wa namna hiyo, kutojua bei ni sawa na kukatazwa kuingia. Hathubutu kwenda. Anasema tungoje kesho, labda ataamka mzima. Kesho ugonjwa umepanda, na bei nayo imepanda pamoja nao.

Kisa kimoja kitatosha. Bibi mmoja wa Sokomuhogo, anayekaanga bajia kwa riziki yake, alikuwa na paka dume wa rangi ya chungwa, mnene, asiyetoka nje. Alhamisi usiku paka akaanza kuingia na kutoka kwenye beseni la mchanga. Anachuchumaa, anakaza mwili, hakitoki kitu. Anajilamba, anarudi tena. Bibi akadhani amefunga choo, akampa kijiko cha mafuta ya nazi. Ijumaa asubuhi paka akaacha kula, tumboni kwa nyuma kukawa na donge gumu, na ukimgusa analia. Mjukuu akampigia simu daktari wa binafsi. Mleteni tumuone. Kiasi gani, daktari? Mleteni kwanza.

Nyumba ikakaa kikao. Hela za mauzo ya jana zilikuwa za kununulia unga na mafuta ya leo. Wakangoja hadi Jumamosi, bibi alipopata mchezo wake wa upatu. Wakamtia paka kwenye ndoo ya rangi, mfuniko umetobolewa kwa msumari, wakaenda kituo cha daladala. Utingo akasema hapakii paka, abiria watalalamika. Bodaboda ikawatoza nauli ya watu wawili na ya tatu ya ndoo. Walipofika wakaambiwa njia ya mkojo imeziba, anatakiwa kulazwa usingizi azibuliwe kwa mpira mwembamba, kisha dripu, kisha alale pale siku kadhaa, na fedha zitangulie. Bibi alikuwa na nusu. Akaomba nusu ya pili ailipe kwa mafungu, kila wiki atakapofunga hesabu ya bajia. Akaambiwa utaratibu hauruhusu. Wakarudi na ndoo yao kuchangisha mtaani. Jumapili alfajiri michango ilikuwa karibu kutimia, na paka alikuwa ameshakufa.

Hatusemi daktari yule ni mtu mbaya. Dawa ya usingizi anainunua, mpira anaununua, umeme anaulipia, na wapo miongoni mwetu walioahidi kulipa kesho kisha wakabadilisha njia ya kupita. Lakini tazameni siku zilivyokwenda. Paka dume aliyezibwa mkojo hana wiki ya kungoja. Uchafu uliokuwa utoke unarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unasimama. Siku mbili tatu, kazi imekwisha. Angetokea mtu wa kumwambia bibi usiku ule wa Alhamisi kwamba dume asiyekojoa ni mgonjwa wa dharura, asingepoteza saa zake kwenye mafuta ya nazi. Bei ingetajwa kwa simu Ijumaa asubuhi, mchango ungeanza Ijumaa asubuhi, na mtaa ule ungetimiza. Nusu ingepokelewa Jumamosi, paka angezibuliwa Jumamosi. Katika yote hayo hakuna hata moja linalohitaji mashine mpya wala mfadhili kutoka nje.

Kwa hiyo tunataka kila pahali panapotibiwa wanyama Unguja, pa serikali na pa binafsi, pabandikwe ukutani bei ya kumuona daktari, ya chanjo, ya dawa ya minyoo, ya kuhasi dume na kufunga kizazi jike, ya kushona kidonda, ya dripu na ya kulaza. Iandikwe kwa Kiswahili, na anayeuliza kwa simu atajiwe. Tunajua ugonjwa usiopimwa hauna bei kamili. Basi atajiwe kima cha chini na kima cha juu. Fundi wa paa hufanya hivyo kabla hajapanda ngazi.

Na tunataka kulipa kidogo kidogo pawe na utaratibu wake, usiwe hisani ya daktari mwenye moyo laini. Mtu atoe kianzio, aandikishane, sheha awe shahidi. Sheha anatujua nyumba kwa nyumba. Anayekimbia deni la daktari hatafika mbali katika shehia yetu.

Jambo jingine linalokwenda na hilo ni namna tiba inavyotolewa. Mara nyingi tunapewa mpango mmoja tu, ule kamili, wenye vipimo vyote na dawa zote, na ukishindwa huo umeshindwa kila kitu: unarudi na mnyama wako bila hata sindano ya kutuliza maumivu. Madaktari wa wanyama wa Marekani na Uingereza siku hizi wanafundishana kwamba ugonjwa mmoja una njia zaidi ya moja ya kutibiwa kwa heshima, kwa kadiri ya mfuko wa mwenye mnyama. Hilo si geni hapa. Bwana mifugo wa zamani aliyekuwa akizunguka mashamba kwa baiskeli alilijua bila kufundishwa. Alikuwa akisema: ukiweza, fanya hivi, usipoweza, fanya hivi, na hili usilifanye kabisa. Tunawaomba madaktari wetu waseme hivyo hivyo. Watuambie kipimo kipi kitabadilisha tiba na kipi ni cha kujiridhisha tu. Kama dawa itakuwa ile ile hata jibu lije vipi, fedha ya kipimo iende kwenye dawa.

Aliyeshindwa na daktari huenda dukani, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wanyama wetu wanapouawa na watu wanaowapenda.

Kidonge kimoja cha Panadol cha miligramu 500, ambacho mtu mzima anakimeza bila kufikiri, kinaweza kumuua paka. Mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja parasetamoli kama wetu. Damu inageuka hudhurungi na kushindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa rangi ya matope, uso unavimba. Mwenye paka anaona homa haijashuka, anaongeza nusu kidonge. Vivyo hivyo dawa ya viroboto vya mbwa yenye pamethrini, na nyingi ya zile za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Ng'ombe anaogeshwa, anatikisa masikio, anaendelea kula majani. Paka akiogeshwa hiyo hiyo anaanza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima, kisha degedege. Mama aliyemimina kizibo kimoja kwenye ndoo ili kumtoa paka viroboto alifanya alichoona jirani anafanyia mbuzi. Kopo limeandikwa Kiingereza kwa herufi za kusomwa kwa miwani, na aliyemuuzia hakumuuliza ni ya mnyama gani.

Tunataka dawa yoyote ya mifugo inayouzwa Unguja iwe na karatasi ya Kiswahili yenye picha ya mnyama anayeruhusiwa na ya yule asiyeruhusiwa. Kwenye kaunta ya kila duka la dawa za mifugo, na la dawa za binadamu pia, kuwe na maandishi makubwa: usimpe paka Panadol. Muuzaji afundishwe, na asiyefundishwa asiuze. Hili la dawa za kuua vijidudu nalo mlitazame, kwa maana tunauziwa vidonge vitatu badala ya dozi, kwa kuwa ndivyo hela ilivyofika. Tanzania ilikuwa na mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, wa mwaka 2017 hadi 2022. Usugu huo unaanzia hapa, kwenye vidonge vitatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Daktari akiwa wa bei ya kueleweka, vidonge vitatu vitapungua wenyewe.

Sasa punda. Tunajua wapo watakaosema punda si mnyama wa kupendwa, ni chombo cha kazi. Waje alfajiri waone mwenye gari anavyozungumza naye wakati wa kumfunga. Lakini tuliache hilo, tuseme ni chombo. Kidonda cha bega la punda wa gari kinaanza kidogo, pale kamba ya nailoni inapokwaruza kila gurudumu linapoingia shimoni. Siku ya kwanza manyoya yamekatika tu. Akipumzishwa siku chache na kamba ikafungwa kitambaa cha pamba, kinapona bila hata daktari. Lakini punda akipumzika, nyumba haipiki. Basi mwenye gari anaweka kipande cha gunia juu ya kidonda na kuendelea. Gunia linakauka na usaha, linabanduliwa jioni na ngozi yake. Akipata pepopunda, hapo hakuna tena hesabu. Chanjo ipo na ni ya bei ndogo kuliko punda, ila ipatikane mtu wa kuileta anakofungwa punda, si mwenye punda kupoteza siku ya kazi akiitafuta.

Wenzetu wa Lamu, mji wa mawe na vichochoro ndugu na wetu, wana hospitali ya punda tangu mwaka 1987. Ilifunguliwa na Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen, na punda anatibiwa bila malipo. Tumesema hatuombi bure na bado hatuombi. Tunataja Lamu ili asije mtu akasema mambo haya hayawezekani pwani yetu. Hapa kwetu nako zipo jumuiya za kujitolea kama ZAASO zinazotibu punda, mbwa na paka, na wapo wageni wanaokuja msimu mmoja na sindano zao, wakahasi, wakachanja, wakaondoka. Tunawashukuru wote, Mungu awalipe. Ila mnyama wa Unguja hawezi kuugua kwa kufuata msimu wa watalii.

Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda katika bara zima. Tumefurahi punda ametetewa asichunwe. Tunaomba atetewe pia akiwa na kidonda. Tanzania Bara imekuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na kwa kuwa mifugo si jambo la Muungano, yetu tunaitunga na kuisimamia wenyewe. Tunachotahadharisha ni kitu kimoja. Kumkamata mwenye punda mwenye kidonda, bila kumwonyesha pa kumtibia kwa bei anayoiweza, ni kumchapa mtu kwa umaskini wake. Tiba ije kwanza, faini ifuate.

Tunataka siku moja kila wiki ya tiba ya wanyama, siku inayojulikana, saa inayojulikana, pahali penye kivuli na maji, kwa bei ya chini iliyopangwa. Mjini iwe pahali gari la punda linapofika bila kuzuiwa. Shamba izunguke: wiki hii Kaskazini, wiki ijayo Kusini. Kutoka Nungwi kuja mjini ni zaidi ya kilomita 50, na hakuna daladala itakayopakia mbuzi mwenye kuharisha. Vijana wetu wanaosoma udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wakirudi likizo wawekwe pale chini ya madaktari wakubwa. Watajifunza zaidi kwa bega la punda mmoja kuliko kwa mabango kumi ya warsha. Na kwa usiku, Ijumaa na sikukuu, tunaomba namba moja tu ya simu ambayo madaktari watapokezana zamu. Hata kama jibu litakuwa "huyu anaweza kungoja hadi kesho", jibu hilo nalo ni tiba kwa mwenye mnyama.

Hapa watu wa hazina watauliza fedha zitoke wapi. Tuwakumbushe kwamba kisiwa hiki kimewahi kufanya kubwa kuliko hili. Kati ya 1994 na 1997 madume ya mbung'o yaliyozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi yalimwagwa juu ya Unguja kwa ndege, wiki baada ya wiki, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996. Unguja ikawa huru na nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na mbung'o, na ng'ombe wakapelekwa kulishwa pahali ambapo zamani wangekufa. Serikali iliyoweza kumaliza inzi kisiwa kizima haiwezi kushindwa na ubao wa bei.

Na kinga ni rahisi kuliko tiba kwa kila hesabu. Chukueni kichaa cha mbwa. Mtu akishaonyesha dalili zake, hakuna hospitali itakayomrudisha; duniani inakadiriwa watu 59,000 hufa nacho kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na mara nyingi ni watoto. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitangaza mpango wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na wataalamu wanasema ukichanja mbwa asilimia 70 ugonjwa unakatika. Kuwapiga risasi na kuwatilia sumu hakujaumaliza popote. Pemba wametuonyesha njia: walichanja mbwa, kichaa kikatoka, kikaingia tena 2016, wakachanja tena, kikatoka tena. Mtu aliyeumwa anahitaji sindano kadhaa kwa gharama isiyokaribiana hata kidogo na chanjo ya mbwa aliyemuuma. Kwa hiyo chanjo hii moja, peke yake, tunasema iwe bila malipo, kwa mbwa na kwa paka, kila mwaka na katika kila shehia. Hapo hatusaidiwi sisi. Inalindwa skuli nzima.

Wapo ndugu zetu Waislamu watakaoguna kusikia fedha ya umma inakwenda kwa mbwa. Tunawaelewa. Mate ya mbwa tunayaosha kama tulivyofundishwa, lakini kichaa hakiulizi madhehebu, na mbwa wa shamba ndiye anayelinda futari ya mwezi wa Ramadhani isiliwe na nguruwe ingali ardhini.

Kufunga kizazi nako ni kinga. Paka jike anabeba mimba kwa miezi miwili hivi, anaweza kuanza kabla hajatimiza nusu mwaka, na akishazaa hachelewi kubeba tena. Wengi wa watoto wale wanakufa kwa kutapika na kuharisha, au macho yanagandamana kwa mafua, kwenye kichochoro ambako watoto wetu wanapita kwenda chuoni. Siku ya kuhasi na kufunga kizazi kwa bei nafuu, mara moja kwa mwezi, itaokoa fedha nyingi kuliko dawa zote tunazozitafuta baadaye kwa machozi.

Zipo pia fedha ambazo si za hazina. Inasimuliwa kwamba Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliweka wakfu bustani jijini Kairo ili mapato yake yalishe paka wasio na wenyewe, na karne nyingi baadaye wasafiri walikuta paka bado wanaletewa chakula. London mwaka 1917 mwanamke aitwaye Maria Dickin alifungua zahanati katika chumba cha chini ya nyumba mtaa wa Whitechapel, kwa wanyama wa watu maskini tu, na kazi yake ipo hadi leo kwa jina la PDSA. Hapa tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tunaiomba itufungulie mlango wa mtu anayetaka kuweka wakfu wa tiba ya wanyama: mnazi mmoja, chumba kimoja cha duka, chochote. Wapo wazee wenye nyumba Mji Mkongwe, na wapo ndugu zetu Maskati na Dubai, wangependa thawabu hiyo kama wangejua pa kuipeleka. Na wenye hoteli, ambao paka wetu yumo kwenye kadi zao za posta na mbwa wetu analala pwani yao, wachangie sanduku hilo hilo kwa jina lao, na majina yao tutayasoma hadharani.

Limebaki jambo zito, nalo hatukukubaliana wote, kwa hiyo tunaliweka kama lilivyo. Yupo mnyama asiyepona. Punda aliyevunjika mguu wa juu, mbwa aliyepondwa kiuno na gari, paka mwenye kansa mdomoni asiyeweza tena kumeza. Baadhi yetu wanaona kumalizwa kwa sindano ni kuingilia kazi ya Mungu, wangependa aachwe kivulini na maji. Wengine, na mwandishi yumo, wanaona aliyeamrishwa kunoa kisu ili mnyama wa kuchinjwa asiteseke hawezi kuambiwa amwache punda alie siku nne. Tukakubaliana hili tu: daktari atuambie kweli siku ya kwanza. Asimuuzie mtu maskini wiki mbili za dawa kwa mnyama anayejua haponi. Na anayetaka mnyama wake apumzishwe bila maumivu, bei yake iwe ndogo kabisa kwenye ubao ule, ndogo hata kuliko ya kumuona daktari, ili mtu asilazimike kutumia jiwe.

Upande wetu nasi tunajifunga. Tutaweka kibubu cha wanyama katika kila mtaa ulioingia kwenye risala hii, kila wiki kila nyumba itie inachoweza, na hesabu isomwe barazani. Tutaleta wanyama siku ya chanjo, tutasaidia kuwashika, na tutakuja na matenga na kamba zetu. Tutawahi, hatutamletea daktari paka wa siku ya tano tukamwambia ameanza jana jioni. Tutalipa tulichoandikishana. Asiyelipa tutamtaja.

Tunaomba majibu ya maandishi, yabandikwe kwenye ofisi za masheha, kabla ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao kusomwa katika Baraza la Wawakilishi. Siku ya tiba ya wiki, chanjo ya kichaa na mafunzo ya wauza dawa yanahitaji fungu, na tutangoja fungu hilo. Ubao wa bei unahitaji rangi na kipande cha mbao. Tunaomba uanze Jumatatu.



Ni sisi, wenye paka, punda, mbwa na mbuzi wa Mjini na Shamba, Unguja.